Ndege inapuliza dawa fasi hakuna shamba

Tukizungumzia filme za ujasusi, wengi wetu tunahesabuka bunduki, magari na mabomu. Mimi naona siyo hivyo vinafanya filme ikushike. Nichukue mfano moja: North by Northwest ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1959, ile Wafaransa wanaita La Mort aux trousses.

Roger Thornhill (Cary Grant) ni mutu wa matangazo ya biashara kule New York. Siku moja katika hoteli anainua mukono kumuita mutumishi, wakati uleule jina la Kaplan linatajwa. Majasusi wanazani yeye njo Kaplan. Kumbe huyo Kaplan hayuko duniani! Wakubwa wa upelelezi wa Marekani walimutunga tu, ili kuficha mupelelezi wao wa kweli.

Kuna fasi mimi kama agronome nilisimamisha filme. Thornhill anashuka basi mchana kweupe, uwanda mutupu, hakuna nyumba. Kwa mbali ndege inapuliza dawa. Mutu moja anayengoja basi anashangaa: pale inapuliza, hakuna mimea. Sisi wa shamba tunajua, dawa ni pesa, hakuna anayeimwanga bure juu ya udongo mutupu. Chombo cha kazi kiko fasi isiyo yake, na moyo tayari unapiga. Hakuna muziki mpaka ndege inagonga lori la mafuta.

Wengine watasema: kumuua mutu na ndege ni upumbavu, risasi moja ingetosha. Ni kweli. Lakini mbele ya pale tulisha kuwaona wale wakubwa wamekaa mezani. Wanajua Thornhill hana kosa, na wanaamua kunyamaza, juu ya kulinda mutu wao. Kwa hiyo akisimama peke yake barabarani, sisi tunajua hakuna anayekuja. Pale njo uoga unatoka, siyo kwa ndege.

Ata siri yenyewe, mikrofilme ndani ya sanamu, hatuambiwi ina nini, na hatuulizi. Tunauliza tu kama mutu aliyeachwa atapona. Filme inayomusahau ule mutu, ata ilipue muji muzima, mimi nasinzia.

Na ninyi, ni filme gani iliwashika hivyo?