Uhakiki wa Dhana ya "Mbadala" katika Uteuzi wa Amplifaya Operesheni yenye Mkondo Mdogo wa Ingizo

Fundi wa elektroniki wa Mchikichini anapohitaji kipuri huenda Kariakoo akiwa na namba iliyosomwa mgongoni mwa IC iliyoungua. Namba hiyo ikikosekana dukani, hutafutwa mbadala. Kwa redio au chaja desturi hii haina ubaya, na imevipa uhai vyombo vingi vya Dar es Salaam. Sehemu hii inahakiki neno hilo linapohamishiwa kwenye vyombo vya kupimia vinavyotakiwa kuaminika kwa miaka mingi. Mfano unaotumika ni mita ya pH. Inadaiwa kwamba, katika matumizi hayo, neno mbadala hupima ulingano wa miguu ya kipuri na kunyamazia kile kinachopita kwenye miguu hiyo.

Amplifaya 741, TL071 na OP07 zina miguu minane kila moja, na maingizo, toleo na umeme wake viko kwenye miguu ileile. Kwa kigezo cha miguu, zote ni mbadala. Hata hivyo, elektrodi ya kioo ya mita ya pH ina ukinzani wa takribani megaomu 100, pengine zaidi. Mkondo wowote wa ingizo la amplifaya hupita humo na kuzaa volti ya uongo. Mkondo wa 741 kwa kawaida ni nanoampea 80. Ukizidishwa kwa megaomu 100 unatoa volti 8. Mita hukwama, na fundi hugundua siku hiyohiyo. OP07 inasifiwa kwa usahihi, nayo inastahili sifa hiyo kwa upande wa volti. Lakini mkondo wake wa takribani nanoampea 1 huleta kosa la volti 0.1, yaani karibu pH mbili.

Inayotisha zaidi ni TL071 ya jadi, yenye pikoampea 65. Kosa lake ni milivolti 6.5, na kwa kuwa pH moja ni takribani milivolti 59 kwenye nyuzi 25, usomaji hupotoka kwa 0.1 hivi. Mita inawaka, tarakimu zinatulia, hakuna anayeshtuka. Ni kweli kwamba kusawazisha kwa myeyuko wa pH inayojulikana hufuta kosa hilo kwa muda. Lakini mkondo wa ingizo la JFET huongezeka takribani maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10, na kasha lililosawazishwa asubuhi halina joto lilelile mchana wa Januari.

Tatizo la istilahi linaingia hapa. Mwanafunzi anayefasiri neno bias hukutana kwanza na "upendeleo", neno linalofaa mahakamani na katika takwimu, lakini halina maana yoyote kwenye saketi. "Mkondo wa kuvuja" lina uangavu, ila ni nusu ya ukweli: katika transista za FET ni uvujaji, ilhali katika ingizo la 741 ni mkondo ambao transista yenyewe huuhitaji ili ifanye kazi. Kwa vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, "mkondo wa ingizo" linashinda kwa usahihi na kwa uwekevu. Jozi nyingine inayostahili kutenganishwa ni "thamani ya kawaida" na "kikomo kilichodhaminiwa". Karatasi ya kipuri hutoa zote mbili, na macho hukimbilia ya kwanza kwa sababu inapendeza. Chombo cha kuaminika huchaguliwa kwa ya pili, tena kwenye joto la juu kabisa kitakalokutana nalo. LMC6001 ya daraja A ina kikomo cha femtoampea 25 kwenye nyuzi 25. Kosa lake ni mikrovolti 2.5.

Hata hivyo, kipuri hicho kinaweza kuwa hasara tupu. Unyevu wa pwani ukikutana na mabaki ya dawa ya kulehemu, ukinzani wa uso wa bodi unaweza kushuka hadi gigaomu 10. Volti 5 zikipita hapo hutoa pikoampea 500, mara 20,000 ya kikomo cha LMC6001. Kuosha bodi na kuzungushia ingizo pete ya ulinzi yenye volti sawa na ingizo ni sehemu ya uteuzi, wala si kazi ya baadaye.

Kuhusu namba iliyofutwa na kuandikwa upya, tatizo ambalo hata Seneti ya Marekani ililitolea ripoti mwaka 2012 kuhusu vifaa vya kijeshi, maandishi ya mgongoni hayatoshi kuwa ushahidi. Kapasita nzuri ya pikofaradi 100 huunganishwa kwenye ingizo, toleo hurudishwa kwenye ingizo la pili, na malitimita husoma toleo. Kwa pikoampea 65, volti hubadilika kwa 0.65 kila sekunde. Kwa femtoampea 25, kwa robo ya milivolti.