Kengele ya Peramiho

Katika mambo yote ambayo Ukristo uliyaleta nchini kwetu, silioni linalostahiki pongezi zaidi kuliko sala ya vipindi ya watawa Wabenedikto wa Peramiho, karibu na Songea, ambao misheni yao iliasisiwa mwaka 1898, ikateketezwa kwa moto katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa tena, nao wakaendelea kuifuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iamuruyo kwamba pasiwe na kazi ya kutangulizwa mbele ya ibada. Kengele ikilia, seremala huweka randa chini, akaingia kanisani na wenziwe, wakakaa safu mbili zikikabiliana, upande huu ukiimba ubeti wa Zaburi na ule ukijibu, taratibu. Hapo, kwa rai yangu, ndipo ilipo hekima yake: sala haingojei moyo upate raha, na Zaburi ya huzuni huimbwa hata na mwenye furaha kwa niaba ya waliofikwa na msiba. Mkulima mwenye watoto hawezi kuandama vipindi vyote, wala hakulazimishwa. Lakini Baba Yetu yake ya alfajiri, kabla ya kushika jembe, ni ibada ile ile.