Magofu ya Kunduchi na Somo la Historia

Mwanafunzi wa Mbezi Beach aweza kutaja tarehe za vita vya Ulaya bila kujua kwamba hapo jirani, Kunduchi, yapo mabaki ya mji wa kale wa Waswahili: msikiti wa yapata karne ya 16, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa sahani za kauri kutoka China. Walimu wanaowapeleka vijana huko wanafanya jambo jema. Kasoro tunayoiona imo katika namna magofu hayo yanavyosomwa.

Mara nyingi somo huanzia kwenye sahani na kuishia hapo hapo: wageni walikuja, wakajenga, wakaondoka. Fundisho hili halina ukweli, wala halimjengi kijana. Sahani zashuhudia biashara ya Bahari ya Hindi. Kuta zenyewe ni za matumbawe ya pwani hii hii, na waliozijenga ni wenyeji waliopokea Uislamu na kufanya biashara na ng'ambo.

Hata hivyo, tusitoke katika kosa hilo tukawa wapambe wa matajiri waliozikwa chini ya nguzo. Nani alibeba mawe? Nani alichoma chokaa? Jamii ya pwani ya karne ya 18 ilikuwa pia na watumwa, nao hawakujengewa nguzo.

Mfano wa Marekani wafaa kutazamwa. Huko Mount Vernon, shamba la George Washington, wageni kwa miaka mingi walionyeshwa zaidi jumba la bwana na samani zake. Lakini alipofariki mwaka 1799, watumwa 317 waliishi shambani humo. Mnamo 1983 ulijengwa mnara wa kumbukumbu mahali walipozikwa, na siku hizi maisha yao ni sehemu ya somo.

Kwa hiyo, mwalimu aendaye Kunduchi hana budi kuwatayarisha wanafunzi kwanza darasani. Wapime kuta, wachore nguzo, watenge kilichotengenezwa hapa na kilichonunuliwa mbali; kisha waandike habari za fundi na mchukuzi pamoja na za tajiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yaweza kuyalinda mawe, lakini haiwezi kumfundisha kijana kuyathamini. Tusipoifanya kazi hiyo sisi, majumba mapya yatazidi kuyazunguka magofu, na watakaokaa humo watayahesabu kuwa mali ya watu wengine.