Video inayokataa kufunguka na kukataa kufutika

Katika vibanda vya kuchaji simu kando ya Barabara ya Taifa namba 5, pale Luvungi, malalamiko yanayoletwa mezani yanafanana. Video imeshuka, jina lake linaonekana, ukubwa wake unaonekana, lakini ukiigusa haifunguki. Ukitaka kuifuta ili upate nafasi, nako inagoma. Mwenye simu akishachoka anasema neno moja tu: ifomatiwe. Na kwa kuwa wateja wamejipanga na umeme hauaminiki, kadi inafomatiwa. Video mbovu inaondoka, na pamoja nayo zinaondoka picha za harusi, nyimbo za kwaya na sauti ya mzee aliyekwisha kuzikwa.

Dawa hiyo naipinga kwa nguvu zote. Katika Bonde la Ruzizi, ambako familia nyingi zimehama na kurudi zaidi ya mara moja, kadi memori ndogo kama ukucha ndiyo sanduku la kumbukumbu za nyumba. Na faili lililogoma kufunguka na kufutika, mara nyingi si magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja, na unatibika bila kugusa kitu kingine chochote kwenye kadi.

Njia iliyo sahihi niliiona kwa fundi mmoja wa hapo hapo, aliyeletewa kadi na mama muuza ndizi.

"Kijana wangu, hii video inakatala kufunguka, na kuifuta inakatala."

"Mama, picha za watoto ziko humu?"

"Ziko zote."

"Basi tungoje kidogo. Kufomati ni kwa mwisho."

Alitoa kadi kwenye simu na kuitia kwenye adapta yake, ile ya plastiki yenye ukubwa wa stempu. Kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta alitazama ubavuni mwake, kwenye kitufe kidogo cha kuteleza. Kikiteremshwa chini, kompyuta inaruhusiwa kusoma kadi lakini hairuhusiwi kuandika wala kufuta. Watu wengi wamehangaika mchana kutwa kwa sababu ya kitufe hicho. Hiki kilikuwa mahali pake. Kisha, kabla ya kuigusa video, alinakili picha zote na kuziweka kwenye diski ya kompyuta. Kazi hiyo ilichukua dakika chache, na ndiyo kinga ya kila kitu.

Sasa akageukia faili lenyewe. Hakujaribu kulicheza tena. Alilifungua kwa programu ya kusoma baiti, inayoonyesha namba na herufi zilizomo ndani kama zilivyo. Hapa ndipo penye elimu, na haihitaji shahada. Faili la MP4 lililo zima, kuanzia baiti ya tano hadi ya nane, kwa kawaida lina herufi nne: ftyp. Ukikuta mahali pake maneno ya ukurasa wa intaneti, yanayoanza kwa alama ya mshale na neno html, basi hukupakua video kamwe. Ulipakua ukurasa wa tangazo au wa kosa, ukahifadhiwa kwa jina la video. Faili la namna hiyo huwa dogo sana, kilobaiti chache tu, na hakuna programu duniani itakayolicheza.

La mama lilikuwa na ftyp. Baada yake kuna sehemu iitwayo mdat, yaani picha na sauti zenyewe, zimerundikwa kwa vipande. Lakini vipande hivyo havisomeki bila sehemu ya tatu, moov. Hiyo ndiyo faharasa ya faili: inaeleza kila kipande kinaanzia wapi, ni cha sauti au cha picha, kimekunjwa kwa mtindo gani, na kionyeshwe sekunde ya ngapi. Wengi wanaotengeneza video huiacha moov mwishoni kabisa, kwa sababu kifaa kinachorekodi hakijui orodha yote mpaka kurekodi kukamilike. Mtandao ukikatika kwenye asilimia tisini na tano, umepata karibu picha zote, lakini umekosa kile kinachozifanya ziwe video. Fundi alitafuta herufi za moov tangu mwanzo wa faili hadi mwisho. Hazikuwemo. Na kutoka mahali fulani kuelekea chini, kila baiti ilikuwa sifuri.

Sifuri hizo zinastahili maelezo, maana zimewadanganya wengi. Baadhi ya programu za kupakua hutenga nafasi yote ya faili tangu mwanzo, halafu huijaza kidogo kidogo. Kwa hiyo ukiona faili lina megabaiti 700 usidhani zote zimefika. Ukubwa unakuonyesha nafasi iliyotengwa tu. Ndiyo maana kuhama kutoka programu moja ya kuchezea hadi nyingine hakusaidii kitu. VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001, ina uwezo wa kufungua mitindo mingi ambayo simu haiijui. Ikiwa video inatoa sauti bila picha, jaribu VLC kwanza: huenda picha imekunjwa kwa H.265, mtindo wa mwaka 2013, na simu yako ya zamani haina mashine ya kuukunjua. Lakini kitu ambacho hakijafika hakiwezi kuchezwa na VLC wala na programu nyingine yoyote.

Je, moov inaweza kutengenezwa upya? Kwa video iliyorekodiwa na simu, ndiyo, mara nyingine. Programu ya untrunc hufanya hivyo kwa kuiga video nzima iliyorekodiwa na simu ile ile. Kwa video iliyopakuliwa, usipoteze umeme wako. Endelea kuipakua kutoka pale ilipokatika, kama seva inaruhusu na anwani haijaisha muda, au ipakue upya usiku, saa ambazo mtandao umetulia na mega zinatosha.

Ikabaki kufuta. Fundi alibonyeza, na Windows ikajibu kwamba faili linatumiwa na programu nyingine. Mama akashangaa, maana programu ya kusoma baiti ilikuwa imeshafungwa, na hakuna mwingine aliyekuwa amelifungua. Aliyelifungua ni Windows yenyewe. Ukifungua folda, mfumo unajaribu kuchungulia kila video ili uonyeshe picha yake ndogo na urefu wake. Kwa faili zima unasoma faharasa na kuondoka. Kwa faili lisilo na faharasa unatafuta, hauoni, unaendelea kutafuta, na muda wote huo umelishikilia. Tatizo hili ni la zamani. Enzi za Windows XP liliwasumbua watu dunia nzima kwa mafaili ya AVI, mtindo wa mwaka 1992 ambao nao huweka faharasa yake mwishoni. Kwa hiyo kile kile kilichoizuia video isicheze ndicho kilichoizuia isifutike.

Basi dawa ni kumtafuta aliyelishika. Kwenye Windows fungua resmon, nenda sehemu ya CPU, andika jina la faili kwenye kisanduku cha kutafutia, utaonyeshwa programu iliyolishikilia. Fundi alikuta ni explorer, programu ya Windows inayoonyesha folda. Alifungua dirisha la amri, akaizima explorer kwa muda, akaandika del na jina la faili, kisha akaiwasha tena. Likatoka mara moja. Jina likiwa na alama za ajabu au nafasi tupu mwishoni, amri ya dir /x inaweza kukuonyesha jina fupi ambalo del italikubali.

Kwenye simu mambo yana sura nyingine. Programu ya kupakua ikiwa bado inajaribu chini kwa chini, isimamishe kwanza, la sivyo faili litarudi. Kuanzia Android 11, video iliyofutwa inaweza kukaa kwenye takataka siku 30, na nafasi haipatikani mpaka uimwage. Simu za Android 4.4, toleo la mwaka 2013, zilizinyima programu nyingi ruhusa ya kufuta kwenye kadi, hivyo hapo mara nyingi njia ni kuitia kadi kwenye kompyuta.

Liko jambo moja linalotisha kweli. Ukifuta faili likatoweka, ukatoa kadi na kuirudisha, nalo likawapo tena, tena na mengine yote uliyoyafuta yamerudi, acha kila kitu. Kadi hiyo inakufa. Baadhi ya kadi zikichakaa hukataa kuandikwa lakini huendelea kusomeka kwa muda, na muda huo ndio bahati yako: nakili yote, kisha itupe. Kuifomati hakutasaidia, maana haiandikiki.

Na kama video zinaharibika kila mara kadi inapojaa kiasi fulani, huenda imeandikwa GB 64 nje wakati ndani ina 8. Kadi bandia za namna hiyo zimejaa sokoni. H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, huijaza kadi hadi mwisho kisha huyasoma yale yaliyoandikwa na kutoa hukumu. Ifanye kazi hiyo siku unayonunua, kabla hujaweka kumbukumbu yoyote ya nyumba humo.

Wenye vibanda wa Luberizi, Sange na Kiliba, nawaomba hivi: mteja akisema ifomatiwe, nakilini picha zake kwanza, hata kama hakuomba.