Heko kwa Mafundi Pikipiki wa Mpwapwa

Bodaboda anayepanda Milima ya Kiboriani na abiria na gunia la mahindi anaijua thamani ya klachi. Injini ikinguruma bila pikipiki kusogea, huyo anarudi kwa fundi wa chini ya mti. Fundi hubonyeza mkono wa klachi kwa kidole, apime ulegevu: milimita 10 hadi 20, basi. Waya ukikazwa mno, pleti huteleza na kuungua. Ukilegea mno, gia hugoma kuingia. Kisha hunusa oili, maana pleti zilizoungua hazifichi harufu. Akiona inafaa, hufunga spoketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi: mbio hupungua, nguvu ya kupanda huongezeka.

Hongereni, mafundi. Spana zenu ndizo zinazotufikisha kileleni.