Tahakiki ya Somo la Maktaba kwa Darasa la Tano hadi la Saba: Nafasi ya Fasihi ya Kiswahili Rafuni

Somo la maktaba linalojengwa juu ya mfumo wa uainishaji wa Melvil Dewey wa mwaka 1876 humtaka mwanafunzi akariri makundi makuu kumi, kisha atafute vitabu kwa namba. Tahakiki hii haipingi stadi hiyo, kwani asiyeijua hupotea rafuni. Inachohoji ni ukimya wa somo kuhusu mtazamo uliomo katika namba zenyewe. Fasihi ya Kiingereza imetengewa 820, ya Kijerumani 830 na ya Kifaransa 840. Fasihi ya Kiswahili imo katika 896.392, chini ya 890, yaani fasihi za lugha nyingine. Hivyo, mtoto wa Tanzania anayefundishwa kwa Kiswahili hujifunza, bila kuambiwa, kwamba lugha ya darasa lake ni "nyingine". Zoezi la usomaji lenye tija zaidi lingewataka wanafunzi wasome hadithi kadhaa za Kiswahili, wazipange kwa vigezo vyao wenyewe, kisha watetee mpangilio huo mbele ya wenzao. Zoezi hilo halihitaji kubadili lebo hata moja ya kitabu. Linahitaji mwalimu aliye tayari kuulizwa kwa nini.