Kusoma Injini kwenye Baridi

Gari dogo lililokwisha kutumika, likiuzwa hapa Ontario, Kanada, halipewi namba za barabarani kwa jina la mnunuzi mpaka lipate cheti cha usalama. Cheti hutolewa na gereji yenye idhini ya jimbo na hudumu siku 36. Gari hupandishwa kwenye lifti, zikakaguliwa breki, matairi, usukani, taa, mikanda ya viti na kutu ya chesisi. Hata maunti za injini na bomba la moshi huangaliwa. Lakini cheti hakisemi kama injini inakula oili, kama ringi za pistoni zimechoka, wala kama gasketi ya silinda hedi imeanza kuvujisha. Zamani palikuwa na kipimo cha moshi, mpango wa Drive Clean ulioanza mwaka 1999, ambao angalau uliibana injini mbovu ionekane. Kwa magari madogo mpango huo ulisitishwa tarehe 1 Aprili 2019. Tangu hapo afya ya injini ya gari lililotumika haina mkaguzi wa serikali. Imebaki mikononi mwa fundi, kama mnunuzi amejaliwa kumpata fundi wa kweli.

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, na hasa nasifu sehemu moja ya kazi yake, ile inayotangulia kushika spana: kutafuta chanzo cha ubovu.

Vaughan ina mafundi wengi, na wengi wao wako Concord, kusini mwa mji, kwenye mitaa ya viwanda iliyo kati ya barabara za Keele na Jane, juu kidogo ya barabara ya Steeles ambako Toronto inaishia. Gereji zimepangana ubavu kwa ubavu, kila moja na mlango wake mpana wa kukunja. Kaskazini yake kuna MacMillan Yard, uwanja mkubwa wa reli wa shirika la CN uliofunguliwa mwaka 1965, ambako mabehewa hupangwa upya usiku na mchana. Upande wa barabara ya Bathurst kuna Jaffari Community Centre, kituo cha Khoja Ithnaasheri, jumuiya ambayo familia zake nyingi zilitoka Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha, Mombasa na Kampala. Kwa hiyo Kiswahili hakijapotea Vaughan, na swali la "fundi gani wa kuaminika?" unaweza kuuliza kwa lugha yako na ukajibiwa kwa lugha yako.

Fundi ninayempelekea gari langu alijifunzia kazi Gerezani, Dar es Salaam. Alipofika Kanada alikutana na injini aliyokuwa akiifahamu. Toyota Echo iliyouzwa hapa kuanzia modeli ya mwaka 2000, na Yaris iliyoirithi, zina injini ya 1NZ-FE: silinda nne, sentimita za ujazo 1,497, mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Ni injini ile ile iliyomo kwenye Probox, kwenye Ist na kwenye Vitz zenye injini kubwa, magari ambayo barabara za Dar es Salaam na Nairobi zinayajua vizuri mno. Nati ni zile zile, plagi ni zile zile. Kilichobadilika ni hali ya hewa, na hali ya hewa inageuza maana ya dalili nyingi.

Chukua povu. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta povu la rangi ya maziwa chini yake, fundi wa Dar es Salaam atakunja uso, kwa kuwa maji yameingia kwenye oili, na njia ya kwanza anayoifikiria ni gasketi ya silinda hedi. Mara nyingi yuko sahihi. Sasa lilete povu hilo Vaughan mwezi wa Januari, nyuzi 15 chini ya sifuri. Mwenye gari anatoka mtaa wa Maple hadi kituo cha treni cha Vaughan Metropolitan Centre, dakika chache tu, anaegesha kutwa, anarudi. Injini haipati muda wa kuchemka sawasawa. Unyevu unaotokana na kuungua kwa petroli unapenya kwenye ringi, unashuka kwenye oili, unapanda na kuganda chini ya kifuniko. Povu lipo, na gasketi ni nzima kabisa. Fundi mwenye haraka atafungua silinda hedi ya injini isiyo na ugonjwa. Fundi wa kweli atauliza kwanza: unaendesha umbali gani kwa siku? Maji ya rejeta yanapungua? Kisha ataweka kwenye shingo ya rejeta kile kichupa chenye dawa ya buluu, avute hewa ya juu ya maji ipite ndani yake. Gesi ya silinda ikiwamo, dawa inageuka njano. Ikibaki buluu, mteja anaambiwa aende safari ndefu mara moja kwa wiki, apande barabara ya 400 mpaka injini ipate moto wa kutosha, povu litakauka lenyewe.

Moshi nao vivyo hivyo. Asubuhi ya baridi kila bomba la moshi mtaani linatoa wingu jeupe, na wingu hilo ni mvuke wa kawaida tu. La kuangalia ni lini linakoma. Likiendelea baada ya injini kupata moto, na likiwa na harufu tamu ya maji ya rejeta, hapo pana neno. Moshi wa buluu ni oili, popote duniani, lakini hata huo una saa zake: ukitokea mara tu gari linapowashwa kisha ukapotea, sili za vali ndizo za kushukiwa, ukitokea unapokanyaga mafuta, tazama ringi.

Mfano unaonigusa zaidi ni thamostati. Nyumbani Afrika Mashariki mafundi wengi huitoa kabisa. Gari likichemsha, kitu cha kwanza ni kung'oa thamostati na kuitupa, maji yazunguke bila kizuizi. Katika nchi ya joto injini hupata moto hata bila hiyo, na hasara yake haionekani upesi. Hapa kufanya hivyo ni kuiua injini polepole. Thamostati ikikwama wazi wakati wa baridi, maji yanakimbilia kwenye rejeta kabla hayajapata joto, hita inapuliza ubaridi miguuni mwa abiria, na kompyuta ya gari, ikidhani injini ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumimina petroli ya ziada. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Taa ya injini inawaka, mashine inasoma P0128, na dereva analalamikia hita. Fundi aliyelelewa kwenye desturi ya kuitoa alilazimika kuelewa upya kwa nini iliwekwa, na kuielewa kutoka ndani, kwa sababu zake. Namheshimu mtu anayeweza kubadilisha mkono wake namna hiyo akiwa tayari ni fundi, tena anayesifiwa.

Nimetaja mashine. Magari madogo yanayouzwa Kanada tangu modeli ya 1998 yana tundu chini ya usukani ambalo mashine huchomekwa, ikasoma namba za makosa. Wapo wanaosema siku hizi kompyuta ndiyo fundi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashine inapeleka malalamiko tu. Ikisema P0302, maana yake silinda ya pili inamisi. Haisemi kama ni plagi, koili, nozeli, waya uliochubuka au vali isiyofunga. Hapo ndipo fundi anapofanya jambo rahisi na zuri: anahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, na ya tatu kwenda ya pili. Anawasha. Kosa likihama, mashine ikasoma P0303, basi koili ndiyo mbovu na hakuna pesa iliyotumika. Likibaki palepale, anahamisha plagi. Kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja, na hakuna kipuri kinachonunuliwa kwa kubahatisha.

Kuna matatizo yasiyokubali kuonekana mchana. Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye injini ya 1ZZ-FE zinajulikana kwa hili: gasketi ya manifoldi inayoingiza hewa inasinyaa kwenye baridi kali. Asubuhi injini ikiwashwa inavuta hewa isiyopimwa, inatetemeka, na taa inawaka kwa P0171. Inapopata moto gasketi inatanuka, uvujaji unaziba, na gari likifika gereji saa nne halina kosa lolote la kuonyesha. Fundi mwenye haraka atabadilisha sensa ya hewa, kisha sensa ya oksijeni. Mwenye subira atasema, "Dada, niachie gari lilale." Kesho yake anafika kabla ya wengine, anawasha injini iliyolala nje usiku mzima, anainama na kusikiliza mlio mwembamba wa hewa kabla haujapotea. Dakika chache tu anazo, na mabehewa ya MacMillan Yard yanaweza kuanza kugongana wakati huohuo.

Kipimo cha kompresheni nacho kina uzuri wake. Geji inafungwa kwenye tundu la plagi, injini inazungushwa, shinikizo linasomwa. Silinda moja ikiwa chini, fundi anamimina oili kidogo ndani yake na kupima tena. Shinikizo likipanda, ringi zimechoka, maana oili imeziba pengo lao kwa muda. Lisipopanda, tatizo liko juu, kwenye vali au gasketi. Vijiko vichache vya oili vimejibu swali ambalo bila hivyo lingehitaji kuvunja injini nzima.

Fundi mzuri pia ana kumbukumbu ya aina za magari. Anajua kwamba Corolla za 1998 hadi 2002 hivi hula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakaziba, ringi zikanata. Anajua kwamba baadhi ya Civic za 2006 hadi mwanzo wa 2009 zilipata ufa kwenye bloku, mpaka Honda ikairefusha dhamana yake. Anajua pia habari ya injini za Honda za lita 1.5 zenye tabo, ambazo kwenye majira ya baridi ya Kanada petroli ilichanganyika na oili. Kwa hiyo mnunuzi akimwambia tu jina na mwaka wa gari, yeye tayari anajua aangalie wapi kwanza. Lakini haanzi kwa kuhukumu. Anaangalia.

Kisha chumvi. Kila majira ya baridi barabara za Vaughan hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chuma. Bolti za bomba la moshi la gari la miaka 15 zimeungana na nati zake kwa kutu. Bolti ikikatika ndani ya silinda hedi, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Nimesimama nikamtazama fundi akiipasha nati kwa tochi ya gesi mpaka iwe nyekundu, akaiacha ipoe kidogo, akaigeuza robo ya mzunguko kwenda mbele, akairudisha, akanyunyizia mafuta ya kulegeza, akangoja. Halazimishi. Mkono wake unasikia kama chuma kinalegea au kinajinyonga, na anasimama kabla hakijakatika. Sijui kitabu kinachoweza kufundisha kipimo hicho.

Ontario inaitambua kazi hii kwa sheria. Fundi wa magari, anayeandikishwa kwa namba 310S, hupitia uanagenzi wa takriban saa 7,220, kazini na darasani, kisha mtihani ambao pasi yake ni asilimia 70. Aliyetoka nje akiwa na uzoefu anaweza kuuwasilisha kwa wakala wa jimbo, Skilled Trades Ontario, upimwe, akaruhusiwa kukaa mtihani. Njia hiyo ni ndefu kwa mtu aliyejifunza kwa kusimama kando ya fundi mkubwa tangu utotoni, asiye na karatasi hata moja ya kuonyesha miaka yake; inastahili wasimamizi wenye kusikiliza. Na sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2002 inamtaka mwenye gereji atoe makadirio kwa maandishi, asiyavuke kwa zaidi ya asilimia 10, na amrudishie mteja kipuri kilichotolewa. Hiki cha mwisho nakipenda. Koili iliyokufa ukiishika mkononi, ukaonyeshwa ufa ambako cheche ilikuwa inatorokea, umeelewa ulicholipia.

Watu wetu wengi huona ni wizi kutozwa pesa kwa "kuangalia tu". Wako radhi kulipa mara tatu kwa vipuri visivyohitajika kuliko kulipa saa moja ya fundi anayetafuta. Mimi saa hiyo nailipa kwa moyo mweupe, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ufundi wote, pamoja na ule unaomnyima fundi mapato. Corolla ya zamani inayokunywa oili, lakini ina kompresheni nzuri na haitoi moshi wa kutisha, haihitaji ovahoo. Gharama yake ingepita thamani ya gari. Fundi anajua hivyo, na angeweza kunyamaza akapokea kazi ya wiki nzima. Badala yake anamfundisha mwenye gari kuvuta kijiti cha oili kila anapojaza petroli, anamwonyesha alama ya chini na ya juu, anamwambia aweke galoni ya oili kwenye buti na asiruhusu kamwe ishuke chini ya alama. Halafu anaandika risiti ya saa moja na kumrudishia funguo.